Ziwa Lilipofungwa, Vijana Walipanda Mlimani

Tarehe 15 Mei 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ziwa letu kupumzishwa namna hiyo. Mwanzoni mwa Juni, giza lilipoingia, yaani zile siku ambazo mwezi hauonekani na wavuvi wa dagaa hupata riziki yao, nilikaa na mama barazani kwake Katonga, mwalo wa wavuvi hapa mjini Kigoma, tukatazama ziwani. Tangu utoto wangu ziwa huonekana kama mji wakati wa giza, kwa sababu taa za mitumbwi, ambazo zamani zilikuwa karabai na siku hizi ni za betri zinazochajiwa kwa umeme wa jua, husambaa juu ya maji mpaka macho yanapokomea. Mama alizoea kuzihesabu kabla ya kulala, na kwa hesabu hiyo alikadiria kesho yake ataanika chanja ngapi. Usiku ule hapakuwa na taa hata moja.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye alianza kwenda ziwani akiwa na miaka 17, alikuwa ameketi kwenye ngazi akifunga na kufungua fundo la kamba ile ile. “Dada,” aliniambia bila kunitazama, “samaki wamepangiwa muda wa kupumzika. Sisi tumepangiwa wapi?” Nilitafuta jibu, sikulipata, na mama naye akanyamaza.

Nimeulizwa mara nyingi, na vijana wenzangu na pia na wageni wanaofika Kigoma na madaftari yao, vijana wa hapa wanafanya nini kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Wanaouliza hutarajia kusikia habari za maandamano, mabango au siku ya kupanda miti. Kila ninapoulizwa huikumbuka ile ngazi ya mama, kwa sababu naamini swali la mdogo wangu ndilo linalopaswa kujibiwa kwanza, na kwamba kijana hawezi kuulinda msitu wala ziwa kwa muda mrefu ikiwa ulinzi huo haujapangiwa nafasi katika riziki yake.

Kufungwa kwa ziwa nilikuunga mkono, na bado nakuunga mkono. Anayeishi mwaloni anajua kwamba nyavu zenye macho madogo huzoa dagaa wachanga ambao hawajazaa hata mara moja, na kwamba mitumbwi imeongezeka kadiri watu walivyoongezeka. Mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu takriban milioni 2.1 katika sensa ya mwaka 2012, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu karibu milioni 2.5. Hata hivyo, kumtwisha mvuvi mzigo wote wa kupungua kwa samaki ni kumwonea, kwa kuwa ziwa lenyewe limebadilika, tena kwa namna ambayo mtu aliyesimama ufukweni hawezi kuiona.

Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, likiwa la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi, lakini samaki hawaishi katika kina hicho chote. Chini ya mita 100 hadi 200 hivi, kutegemea sehemu, maji hayana oksijeni, na huko gizani ndiko virutubisho vinakozama na kurundikana. Kila kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusi huyapoza maji ya juu na kuyasukuma kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye virutubisho hupata njia ya kupanda, hasa katika ncha ya kusini ya ziwa. Virutubisho hivyo hulisha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, viumbe vidogo vya majini hula mimea hiyo, dagaa hula viumbe hivyo, mgebuka hula dagaa, nasi tunawala wote wawili. Kwa maneno mengine, chakula chetu kinapandishwa na upepo kutoka chini ya ziwa.

Sasa hewa inapozidi kupata joto, maji ya juu hupata joto upesi kuliko yale ya chini, huwa mepesi zaidi, na hukaa juu ya maji mazito kama mafuta ya mawese yanavyokaa juu ya maji katika sufuria, kiasi kwamba upepo ule ule hautoshi tena kuyachanganya. Mwaka 2003 tafiti mbili, moja katika jarida la Nature na nyingine katika jarida la Science, zilionyesha kwamba hilo limekuwa likitokea ndani ya Tanganyika, na miongoni mwa vipimo vya zamani vilivyolinganishwa na vya sasa vimo vya mwaka 1913. Utafiti mmoja ulikadiria kwamba uzalishaji wa ile mimea midogo ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo linaweza kumaanisha kupungua kwa samaki kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2016 watafiti wengine waliosoma mabaki ya samaki katika matope ya sakafu ya ziwa walieleza kwamba kupungua huko kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa katikati ya karne ya 20. Nilipomsomea mdogo wangu habari hiyo kwa Kiswahili changu, aliuliza swali moja tu: kwa hiyo hata tungevua kwa adabu tangu zamani, bado samaki wangepungua? Nilimjibu kwamba ndiyo, wangepungua, ingawa si kwa kiasi hiki.

Maji yenyewe nayo yalipanda. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2019 zilijaza mito, na ziwa ambalo mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo, likapanda, likakawia kushuka, likapanda tena kwa mvua za 2023 na 2024. Mchanga ambao mama aliutumia kuanikia dagaa tangu kabla sijazaliwa uko chini ya maji. Alihamisha chanja zake hadi kwenye kiwanja cha mtu, ambako hulipa kodi kila mwezi. Hapo zamani mchanga ulikuwa wa Mungu, na hakuna aliyewahi kulipia pa kuanikia. Mvua inayonyesha bila kufuata majira humharibia dagaa waliokwisha kukauka nusu, wakageuka wekundu na kunuka, wakauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Huo ndio uso wa tabianchi ninaoufahamu mimi, na ndiyo maana siwezi kuuzungumzia kana kwamba ni jambo la miaka ijayo.

Narudi kwenye ile miezi mitatu. Katika mtaa wetu niliwaona vijana wakitawanyika. Wachache walikwenda kulima kwa ndugu zao Uvinza na Kasulu, wengine waliazima pikipiki na kuanza kubeba abiria, na waliobaki, ambao hawakuwa na ndugu wenye shamba wala pikipiki ya kuazima, walichukua mashoka na kupanda mlimani kuchoma mkaa. Mkaa haudai mtaji. Mti upo, moto upo, na mnunuzi anasubiri barabarani akiwa na fedha mkononi. Sikuwaona kuwa waovu, kwa sababu hata nyumbani kwetu, ambako mtungi mdogo wa gesi umenunuliwa, mama huutumia kwa chai na uji, na maharage bado huyapika kwa mkaa akisema gesi itaisha kabla hayajaiva. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mei ile ile mkakati ulipozinduliwa ndipo ziwa lilipofungwa, na mashoka yakapanda mlimani.

Kiangazi ndicho wakati mbaya kuliko wote wa kuwa na moto mlimani. Majani yamekauka, miti mingi imepukutisha, na kusi inavuma. Tanuri moja la mkaa lililoachwa bila mlinzi usiku linatosha kuanzisha moto kichaa unaopanda mteremko mzima mpaka asubuhi. Mlima ukishaungua, mvua za Novemba huikuta ardhi haina nguo, huubeba udongo hadi korongoni na kutoka korongoni hadi ziwani, nao udongo huo hufunika miamba ya kando ambako samaki wengi wa Tanganyika hutaga na kulelea watoto wao. Mlima na ziwa ni shamba moja.

Lazima nieleze pia kwa nini sikukimbilia kuwaambia vijana hao wapande miti. Mwaka 2017 kikundi chetu cha vijana wa mazingira kilipewa miche 600 na taasisi moja ambayo sitaitaja. Tuliambiwa tuipande mwishoni mwa Aprili kwa kuwa wageni walikuwa wanafika wiki hiyo. Tulivaa fulana mpya, tukachimba mashimo, tukapigwa picha tukiwa tumeshika miche kwa mikono miwili kama watoto wachanga, na jioni ile nilijisikia nimefanya jambo kubwa kuliko yote maishani mwangu. Lakini Kigoma mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kukoma Mei. Mche unaopandwa mwishoni mwa Aprili huingia kiangazi ukiwa bado haujajua udongo uliomo. Tulibeba maji kwa ndoo kwa wiki tatu, mwendo wa karibu nusu saa kila safari, tukachoka, na Agosti moto ukapita. Mwezi wa kumi nilipanda peke yangu kuhesabu, nikakuta miche tisa. Aliyetukabidhi hakurudi kuuliza, na nina hakika kwamba katika taarifa yake miche 600 bado imesimama. Vijana wawili walioacha kikundi mwaka ule walikuwa hodari kuliko sisi wote. Hawakuacha kwa uvivu. Waliona kwamba kazi yao ilihitajika kwa siku moja tu, ile ya picha, na mtu akishaona hivyo ni vigumu kumrudisha.

Mzee mmoja mfuga nyuki, ambaye mizinga yake ilikuwa ukingoni mwa eneo lile, ndiye aliyenifungua macho. Nilimsalimu, naye baada ya kuitikia alinishika mkono akanipeleka kwenye shimo mojawapo tulilokuwa tumelichimba. Hatua moja kutoka hapo palikuwa na kisiki cha mtundu kilichokatwa miaka mingi iliyopita, nacho kilikuwa kimetoa machipukizi zaidi ya kumi, membamba, yaliyoungua ncha. “Mwanangu,” alisema, “huu haujafa. Kila mwaka unaamka, na kila mwaka moto unaulaza tena. Nyinyi mmekuja kupanda mgeni mlangoni kwa mwenyeji.”

Nimeyafanyia kazi maneno hayo tangu wakati ule. Miti ya miombo, yaani mitundu, mininga na jamaa zake, ina mizizi ambayo hubaki hai ardhini baada ya shina kukatwa. Mche wa kitalu huanza na mzizi wa urefu wa kiriba, yaani kimfuko ulimooteshwa, ilhali chipukizi la kisiki hunyonya kwa mizizi ya mti mzima ulioko tayari, kwa hiyo halihitaji ndoo ya maji wala fulana. Kinachotakiwa ni kuchagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, kuyakata mengine, kukiwekea kisiki alama, kisha kukilinda dhidi ya moto na mifugo kwa miaka kadhaa mfululizo. Wenzetu wa Dodoma huiita njia hii kisiki hai, na wameitumia katika ardhi kavu kuliko yetu. Ugumu wake ni mmoja: haipigiki picha nzuri. Mtu aliyesimama kando ya kisiki huonekana kama mtu aliyesimama kichakani.

Wala Kigoma hatukuhitaji kujifunza hilo kutoka mbali. Jane Goodall, mtafiti kutoka Uingereza, alifika Gombe, kaskazini mwa mji wetu, tarehe 14 Julai 1960 akiwa na miaka 26 kuwachunguza sokwe, na miaka thelathini baadaye, akiliangalia eneo lile kutoka kwenye ndege, aliona kwamba hifadhi ilikuwa imebaki kama kipande cha kijani kilichozungukwa na vilima vilivyo wazi. Mradi wa TACARE ulioanza mwaka 1994 katika vijiji vinavyoizunguka Gombe ulianza kwa kuwauliza wanakijiji wanahitaji nini, na majibu yao yalihusu maji, afya, shule na chakula. Baadaye ndipo vijiji vilipotengeneza mipango ya matumizi bora ya ardhi na kutenga misitu ya hifadhi ya kijiji, na sehemu kubwa ya kijani kilichorudi katika misitu hiyo ilitokana na visiki na mizizi iliyoachwa ipumue. Mpango wa vijana ambao Goodall aliuanzisha Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 unaitwa Roots & Shoots, ambayo maana yake ni mizizi na machipukizi. Nimeliona jina hilo kwenye mabango ya shule tangu nikiwa msichana mdogo, lakini sikuwahi kulichukua kwa maana yake halisi mpaka mzee yule aliponionyesha kisiki. Goodall alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025 nilimlilia kama mtu aliyefiwa na jirani.

Basi Juni ile ya 2024, baada ya usiku usio na taa, nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kilicho juu ya mji wetu, mwendo wa saa mbili kwa miguu, ambako kikundi chetu kilikuwa kimekwisha kutia alama visiki 1,140 katika msitu wa kijiji. Nilimwomba aturuhusu kuwaleta wavuvi vijana 11 wa mwaloni kwetu kutengeneza kinga moto, yaani ukanda uliofyekwa ili moto usivuke, kabla ya Julai. Alisita. Alisema wavuvi wa Katonga anawafahamu kwa mashoka, na hakukosea, kwa sababu wawili kati ya wale niliotaka kuwaleta walikuwa wameuza mkaa wiki iliyotangulia. Nilimjibu kwamba mtu anayejua tanuri linawekwa wapi ndiye atakayejua pa kulitafuta, akakubali kwa sharti kwamba mimi mwenyewe niwe nao kila siku.

Fedha ya posho tuliitoa kwenye mauzo ya miche ya michikichi ya kitalu chetu, kwa kuwa tangu Serikali ilipoanza kulihimiza zao hilo upya mwaka 2018 miche imekuwa ikitafutwa sana mkoani. Ilikuwa fedha kidogo mno, ikatosha ugali na maharage ya mchana na kiasi cha kupeleka nyumbani ambacho hakikufikia nusu ya gunia la mkaa. Wanne waliacha ndani ya wiki ya kwanza, na mmoja wao aliniambia kwa heshima kabisa kwamba ana mtoto na hawezi kumlisha msitu. Sikuwa na neno la kumjibu. Halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya vijana, lakini mkopo wa kununua pikipiki una marejesho yanayoeleweka, na sijapata kumwona ofisa aliyekubali kwamba kinga moto nayo ni biashara. Hapo ndipo ninapoona pengo kubwa kuliko yote katika mazungumzo yetu ya vijana na tabianchi. Tunawasifu kwa kujitolea, kisha tunashangaa wanapokwenda kutafuta chakula.

Saba waliobaki walifyeka ukanda wa upana wa mita 6 kuzunguka msitu, wakakwangua majani hadi udongo ukaonekana. Kisha likaja jambo ambalo sikulitarajia. Wataalamu wa misitu hushauri kuchoma mapema, yaani kuyachoma majani ya pembezoni mwanzoni mwa kiangazi yakiwa bado na unyevu, ili moto mkubwa wa Agosti ukifika ukose cha kula. Kikundi chetu kilikuwa kinaogopa kazi hiyo kwa miaka yote, kwa sababu mara moja upepo ulitugeuka tukaunguza mihogo ya watu. Mdogo wangu aliposikia hofu yetu alishangaa. Yeye na wenzake wameishi kwa kuusoma upepo. Wanajua kusi huamka saa ngapi na hulala saa ngapi, wanajua siku ambayo asubuhi tulivu inadanganya, na wanajua alama za mawingu juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Walitwambia tusiguse kiberiti siku mbili mfululizo tulizokuwa tumezipanga, na siku ya tatu, alfajiri, wakasema sasa. Tulichoma ukingo wote kwa saa tatu bila moto kuvuka hata mara moja.

Nililifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi. Upepo unaopandisha chakula cha samaki kutoka kilindini ndio huo huo unaoukimbiza moto mlimani, na wanaoufahamu ni vijana ambao hakuna aliyewahi kuwaita kwenye semina ya mazingira. Elimu yao haina cheti. Inatoka kwenye mikono na ngozi, na laiti nisingekuwa dada wa mmoja wao nisingejua kwamba ipo.

Usiku mmoja wa Agosti moto ulitoka upande wa bonde la pili, na wale saba wakauona wakiwa mjini wakapanda bila kuitwa. Kinga ilishika katika sehemu kubwa, lakini kwenye korongo moja ambako tulikuwa tumefyeka kwa haraka moto uliruka, na kama ekari tano ziliungua pamoja na visiki vyake. Wanakijiji waliotoka na matawi mabichi kusaidia waliwakuta vijana wa mwaloni tayari wamo ndani ya moshi. Mwenyekiti aliniambia asubuhi, “Mwanangu, sasa nawafahamu kwa jambo jingine.”

Kuhusu sauti za vijana katika majukwaa makubwa, sina la kubeza. Tarehe 22 Aprili 2016, Mkataba wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi ulipotiwa saini New York, binti wa miaka 16 kutoka Mwanza, Gertrude Clement, aliyekuwa mtangazaji wa vipindi vya redio vya watoto, alisimama mbele ya viongozi wa dunia akazungumza kwa niaba ya vijana. Niliposikia habari hiyo nilijivunia kana kwamba ni mtoto wa shangazi yangu, kwa kuwa naye ni mtoto wa ziwa. Mwaka 2020 Vanessa Nakate wa Uganda alikatwa katika picha ya pamoja na wanaharakati wenzake wa Ulaya, na malalamiko yake yalifundisha ulimwengu kitu juu ya nani huonekana na nani hukatwa. Madai yao ni ya haki. Bara zima la Afrika hutoa karibu asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, na mchanga wa mama yangu haukuzamishwa na jiko lake la mkaa. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi maskini zinazoumizwa na tabianchi, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022 ni deni na wala si sadaka, na vijana wetu wanapaswa kulidai kwa sauti isiyotetemeka. Mwaloni kwetu fedha hizo hazijafika.

Lakini nimeona pia kwamba kijana anaweza kusikika mbali na asisikike mkutanoni kwao. Halmashauri ya kijiji huwa na wajumbe kati ya 15 na 25, na sheria inataka wanawake wasipungue robo, jambo ambalo limewainua mama zetu wengi. Kwa vijana hakuna kiti kilichotengwa. Desemba ile, katika mkutano mkuu wa kijiji, msichana wa kikundi chetu mwenye miaka 22 alisimama na daftari lenye idadi ya visiki, tarehe za moto, na majina ya mabonde yaliyoungua kwa miaka mitatu. Aliomba vijana wawili waingie katika kamati ya mazingira. Wazee wawili walipinga, mmoja akisema vijana wanahamahama. Alijibu akiwa ameinamisha kichwa kwa adabu, lakini sauti yake ilifika nyuma nilikosimama: “Shikamooni wazee wangu. Tunahama kwa sababu hamna mlichotuachia cha kubakia. Tupeni visiki hivi, muone kama tutahama.” Mkutano ulikubali kijana mmoja. Tuliomba wawili, tukapata mmoja, na nafasi ya pili tutaiomba tena.

Mdogo wangu alirudi ziwani usiku wa tarehe 15 Agosti, na sikutarajia afanye vinginevyo, kwa sababu yeye ni mvuvi. Ila Juni iliyofuata, mbalamwezi ilipoingia na mitumbwi ikapumzika kama kawaida ya kila mwezi, alikuja kwangu bila kuitwa, akiwa na wenzake watano. Alikuwa na kamba ya wavu aliyoifunga mafundo kila baada ya nusu mita. Tulipanda naye hadi kwenye visiki vya upande wa juu, ambavyo havikuungua, akaanza kupima machipukizi moja baada ya jingine huku msichana wa kamati akiandika. Chipukizi la mtundu karibu na shimo letu la mwaka 2017 lilikuwa na mafundo sita na zaidi kidogo. Alilizunguka, akaligusa gome kwa kiganja, akaniuliza kama lile ndilo la mzee mfuga nyuki. Nilimwambia ndilo.

Mama bado hukaa barazani wakati wa giza na kuhesabu taa ziwani. Akimaliza, siku hizi, hugeuza kiti chake kidogo na kutazama upande wa milima kama kuna moto, kabla ya kuingia ndani kulala.